Majike Milioni 19 Walitoka Wapi? Jibu kwa Mwanafunzi wa Malindi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi, kwetu ni Malindi. Nimepewa kazi ya kulinganisha idadi ya nguruwe wa kuzalisha wa China, Umoja wa Ulaya na Marekani tangu mwaka 2000. Grafu nimeichora lakini hainiingii akilini. China iko juu peke yake, na wenzake wamelala chini kama nyuzi. China hiyohiyo ina majike milioni 44 mwisho wa 2017, milioni 19 mwaka 2019, halafu milioni 41 mwisho wa 2020. Ulaya inaruka juu ghafla 2004, kisha inashuka tu, ilhali nyama yao haikushuka hivyo. Afrika sikupata namba hata moja. Nimekosea wapi? Na nyumbani mama ananiuliza, mtoto wa Kiislamu unahesabia nini nguruwe?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Grafu yako nimeitazama jana usiku, na leo baada ya alfajiri nikaifungua tena. Nimefurahi kwamba umeishuku. Wengi wakishachora mstari huuamini kwa sababu wameuchora wenyewe.

Nianze na mama. Mwambie kilichoharamishwa ni kula, hesabu haikuharamishwa. Mimi nimefanya kazi ya mifugo huku Pwani miaka mingi: Ijumaa nikiswali, Jumatatu nikiingia banda la nguruwe na daftari mkononi, kwa kuwa mwenye banda naye ni mwananchi na mali yake ina haki ya kuhesabiwa kama mbuzi wa jirani yake. Halafu mweleze kwamba nguruwe wa Ulaya na China wanalishwa mahindi, ngano na soya, na kuku wake wa uani chakula chao kinatoka soko hilohilo la dunia. Vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya nafaka mwaka 2022, mfugaji wa nguruwe wa Ujerumani alifunga banda, na mfugaji wa kuku wa Malindi akalilia gunia la chakula. Anayejua majike wangapi wako mazizini leo anaweza kukadiria nafaka itakayotakiwa mwakani.

Ndiyo maana wanahesabiwa peke yao, mbali na nguruwe wa kuchinja. Jike akishika mimba huibeba siku 114. Wafugaji husema miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu. Watoto wakizaliwa wanahitaji kama miezi sita kufika uzito wa kuchinjwa. Jumla ni miezi kumi hivi. Idadi ya majike ya leo, basi, ni habari ya nyama ya miezi kumi ijayo. Ukiweka mstari wa majike na mstari wa nyama kwenye mwaka mmoja na kutaka vilingane, umewafananisha mama na mtoto ambaye bado hajazaliwa.

Sasa, nani anaitwa nguruwe wa kuzalisha? Usipite haraka hapa, maana nusu ya matatizo yako yanaanzia hapa, na Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingi. Wazee wetu walimwita mnyama jike aliyekwisha kuzaa koo, na yule ambaye bado hajazaa mtamba. Vijana wa leo wakisikia koo wanafikiria la kumezea, lakini muulize bibi yako kuhusu kuku wake, atakuonyesha koo ni yupi.

Nakumbuka boma moja upande wa Ganda, hapo nje ya mji wetu. Mzee alikuwa na nguruwe kumi na wanne: dume mmoja, makoo watatu, mitamba wawili, na wadogo wanane wanaosukumana kwenye birika la maji. Fomu yangu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na ndani yake niliandika 14. Lakini nilimuuliza, kwa kutaka kujua tu, wa kuzalisha ni wangapi. Akasema watatu. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mahindi mlangoni, akasema ni watano, kwa kuwa mtamba mmoja ameshapandwa na wa pili anangoja zamu. Kijana wao akasema sita: dume naye si wa kuzalisha?

Wote watatu walisema kweli, na dunia nzima imegawanyika kama ile familia ya Ganda. China, inapotangaza majike wa kuzaa, humaanisha jike aliyekwisha kuzaa walau mara moja na anayeweza kuendelea. Mitamba wa akiba hawamo. Hiyo ni hesabu ya mzee. Umoja wa Ulaya huhesabu nguruwe wa kuzalisha wenye kilo 50 kwenda juu, na kwenye safu ya majike wamo mitamba waliopandwa na ambao bado. Hiyo ni hesabu ya mama. Marekani huandika wanyama wote waliowekwa kwa ajili ya uzazi, madume pamoja. Hiyo ni hesabu ya kijana. Kwenye jedwali lako umeziweka safu tatu hizi bega kwa bega, juu yake ukaandika neno moja. Hukufanya dhambi, karibu kila mtu hufanya hivyo, lakini andika chini ya jedwali kila safu imemhesabu nani. Na usijaribu kusema China ni mara saba ya Marekani kana kwamba umepima kwa mizani moja.

Tuje kwenye hiyo milioni 19, ambayo ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Msiba wenyewe ulikuwa wa kweli. Homa ya nguruwe ya Afrika iliripotiwa China mara ya kwanza mapema Agosti 2018, katika mji wa Shenyang, kaskazini-mashariki. Ndani ya mwaka mmoja ilikuwa imefika mikoa yote ya China bara. Haina tiba. Wafugaji wadogo walipoteza kila kitu, na wengi waliuza haraka kabla ugonjwa haujawafikia. Kwa hiyo mstari wa China lazima uanguke, na uanguke vibaya.

Lakini rudi kwenye grafu yako uulize swali la mfugaji. Kutoka milioni 19.13 Septemba 2019 hadi milioni 41.61 Desemba 2020 ni miezi kumi na tano. Umewazidisha majike kuwa zaidi ya mara mbili. Mtamba anayezaliwa leo hupandwa akiwa na kama miezi minane, na huzaa mara ya kwanza akikaribia mwaka. Haya, na ugonjwa bado unazunguka, na wazazi wa hao mitamba wenyewe wamekufa. Wametoka wapi wote hao? Mwili wa mnyama una mwendo wake, na namba ikiupita mwendo huo ujue kasoro iko kwenye namba.

Kasoro ni hii: umechota maji kwenye visima viwili. China ina ofisi mbili zinazotoa takwimu hizi. Milioni 44.71 ya mwisho wa 2017 na milioni 41.61 ya mwisho wa 2020 ni za idara ya taifa ya takwimu. Milioni 19.13 ni ya wizara ya kilimo, kutokana na ufuatiliaji wake yenyewe wa kila mwezi. Kipimo cha wizara wakati huo kilikuwa chini sana kuliko cha idara hata kabla ya ugonjwa. Unaweza kulithibitisha hili kwa kalamu. Wizara ilitangaza kwamba Septemba 2019 majike walikuwa wamepungua kwa asilimia 38.9 kulinganisha na Septemba 2018. Gawanya 19.13 kwa 0.611. Unapata kama milioni 31.3. Hapo ndipo wizara ilipokuwa imesimama mwaka mmoja nyuma, wala si 44.

Idara ya takwimu nayo ina namba yake ya mwisho wa 2019: milioni 30.8. Weka hiyo. Sasa mstari wako unatoka 44.71 hadi 30.8, pungufu la asilimia 31, kisha unapanda kwa asilimia 35 mwaka 2020 na kufika 41.61. Anguko la thuluthi moja ndani ya miaka miwili, kwa nchi inayofuga karibu nusu ya nguruwe wa dunia, ni zito vya kutosha. Lile la asilimia 57 lililoko kwenye karatasi yako halikutokea. Limezaliwa pale visima viwili vilipokutana. Ukitaka kuonyesha undani wa 2019 mwezi kwa mwezi, tumia wizara, lakini uitumie kwa asilimia zake na uuchore mstari wake mbali. Na kila unapopakua jedwali la China angalia limetolewa lini: baada ya sensa za kilimo idara hurudi nyuma na kusahihisha miaka iliyopita. Sensa ya kwanza, ya miaka ya 1990, ilionyesha mifugo ilikuwa imehesabiwa kupita kiasi.

Utauliza, na hata kupanda kwa asilimia 35 ndani ya mwaka mmoja kuliwezekanaje? Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake haliko kwenye jedwali lolote. Nguruwe wa kuchinja wa China ya kisasa ni chotara wa damu tatu: mama yake ni mchanganyiko wa aina mbili za nguruwe, Large White na Landrace, baba ni wa aina ya tatu, Duroc. Huyu wa damu tatu amekusudiwa buchani. Majike waliokufa ni wale mama wa damu mbili, waliochaguliwa kwa uzazi na malezi. Bei ya nyama ilipopaa, mabanda yakachukua majike wa damu tatu, waliokuwa njiani kwenda kuchinjwa, wakawapanda. Kwenye takwimu, akishazaa, huyu naye ni jike mmoja. Bandani huzaa wachache, na matokeo yake hayatabiriki.

Kwa hiyo Juni 2021 walipotangaza majike milioni 45.64, asilimia 102 ya mwisho wa 2017, vichwa vilikuwa vimerudi lakini uzazi ulikuwa bado haujarudi sawasawa. Mwaka huohuo bei ikaanguka, wakaanza kuwaondoa wale wa damu tatu na kurudisha mama halisi. Hapo ndipo ilipofuata sehemu ambayo mwalimu wako atataka uieleze: mwaka 2021 serikali iliweka idadi ya kawaida ya majike kuwa milioni 41, na mwaka 2024 ikaishusha hadi milioni 39. Anayetazama mstari tu atasema China inadhoofika. Wao walieleza kwamba kila jike sasa analeta watoto wengi zaidi, hivyo wanahitajika majike wachache kwa nyama ileile. Mwisho wa 2024 walikuwa na milioni 40.78.

Pale ufukweni kwetu ungehesabu mitumbwi kumi na majahazi kumi, ukaandika vyombo kumi na vyombo kumi, hakuna mvuvi angekubali kwamba pande mbili ni sawa. Marekani itakuonyesha jambo hili kwa usafi zaidi. Mwaka 1980 walikuwa na nguruwe wa kuzalisha zaidi ya milioni 9. Ilipofika 2000 walikuwa kama milioni 6, na mwisho wa 2023 bado ni milioni 6. Mstari wako umelala pale, ukadhani hakuna kilichotokea. Kumbe mwaka 1980 uzao mmoja ulikuwa wa watoto saba na kidogo, na mwishoni mwa 2023 wastani ulikuwa 11.66. Nyama ya nguruwe ya Marekani ilikuwa kama tani milioni 8.6 mwaka 2000. Mwaka 2023 ilipita milioni 12. Majike ni walewale kwa idadi. Sehemu ya ongezeko inatokana na wanyama kuchinjwa wakiwa wazito zaidi, na sehemu nyingine ni watoto wanaozaliwa Canada na kuvuka mpaka kwenda kunenepeshwa Marekani, ambao mama zao hawamo kabisa kwenye safu yako ya Marekani.

Ulaya ina tatizo la mipaka pia, ila lake limekurukia machoni: ule mruko wa 2004. Mei mwaka huo nchi kumi ziliingia kwenye Umoja, mojawapo Poland yenye nguruwe wengi. Romania na Bulgaria ziliingia 2007, Croatia 2013, Uingereza ikatoka Januari 2020. Hakuna jike aliyezaliwa siku ile. Ua ndio uliosogezwa. Tafuta mfululizo wa nchi 27 zilezile kwa miaka yote, na mruko utatoweka.

Kushuka kwenyewe kuna sababu mbili za nyakati mbili, na nakusihi usizichanganye. Mpaka 2021 majike walipungua huku nyama ikipanda, kwa sababu hiyohiyo ya uzazi. Denmark, walio mbele ya wengi, jike mmoja anaachisha watoto zaidi ya 33 kwa mwaka. Sheria nayo ilisukuma: kuanzia Januari 2013 Umoja ulikataza kumfungia jike mwenye mimba peke yake kwenye kizimba chembamba kwa sehemu kubwa ya mimba yake, na wafugaji wengi walioshindwa gharama ya kujenga upya waliacha kazi. Baada ya 2021 mambo yalibadilika: China ikapunguza kununua, chakula kikapanda bei, na mara hii majike na nyama vikashuka pamoja. Mstari unaonekana mmoja, lakini kipande cha kwanza ni ustadi na cha pili ni dhiki. Na ndani ya Ulaya hawakwenda sawa. Ujerumani ilikuwa na majike karibu milioni 2.5 mwaka 2000, sasa ni kama milioni 1.4, na sehemu ya watoto inaowanenepesha huwanunua Denmark na Uholanzi. Hispania ndiyo inayoongoza sasa. Ukiandika Ulaya kama nchi moja, hadithi hiyo yote inafunikwa.

Kuhusu tarehe sitasema mengi, wewe ni mtoto wa Malindi. Anayehesabu ngalawa baharini mwezi wa Julai, kusi limechafuka, na mwenzake anayehesabu Januari wakati wa kaskazi, hawawezi kusema wavuvi wamezidi au wamepungua. Marekani huhesabu tarehe 1 ya Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ulaya ina hesabu ya Desemba, na nchi kubwa huongeza ya Mei au Juni. China hutoa ya mwisho wa mwaka. Chagua Desemba kwa wote watatu na uachane na wastani wa mwaka.

Kisha achana na vichwa kwenye mhimili wa wima. Gawanya kila mfululizo kwa namba yake ya Desemba 2017, zidisha kwa 100. Hiyo ni fahirisi. Kila eneo linaanza 100, na unaona nani amesogea na kwa kiasi gani bila China kuwafunika wengine. Nimechagua 2017 kwa kuwa ni mwisho wa mwaka wa mwisho kabla ya homa. Ukianzia 2019, China itaonekana inastawi ajabu, kumbe inatoka kitandani. Kwa njia yangu China itasoma 100 mwisho wa 2017, 69 mwisho wa 2019, 93 mwisho wa 2020, na kama 91 mwisho wa 2024.

Imebaki Afrika, na hapa naandika kwa uchungu. Ugonjwa uliopindua grafu yako ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya hii hii, na daktari wa mifugo Montgomery, mwaka 1921, baada ya kuua nguruwe wa walowezi. Virusi vyake huishi kwa ngiri bila kumdhuru, na kwa papasi wanaojificha mashimoni mwake. Ngiri hao ndio unaowaona ukitoka Malindi kwenda lango la Sala, la kuingilia mbuga ya Tsavo Mashariki. Ulivuka hadi Ureno 1957, Georgia 2007, ukaingia nchi za mashariki za Umoja wa Ulaya 2014, China 2018. Umetoka kwetu, na sisi hatumo kwenye jedwali. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lina idadi ya nguruwe kwa nchi tangu 1961, ila ni nguruwe wote kwa jumla, kama kile kisanduku changu cha Ganda. Kenya ilihesabu kama 335,000 kwenye sensa ya 2009 na kama 443,000 kwenye ile ya Agosti 2019. Uganda, ambako nguruwe ni akiba ya ada za shule kwa kaya nyingi, ilihesabu milioni 3.2 mwaka 2008 na milioni 7.1 mwaka 2021.

Usijaribiwe kukata asilimia kumi ya hao na kuwaita majike kwa kuwa China na Ulaya ziko karibu na hapo. Kwa mzee wa Ganda walikuwa watatu kwa kumi na wanne, na kwa mfugaji mwingine mwenye koo mmoja na watoto wanne ni mmoja kwa watano. Uwiano wa banda kubwa hauwafai. Wachoree Waganda na Wakenya paneli yao pembeni, nguruwe wote, kila nchi nukta mbili zenye mwaka wake. Usiziunganishe kwa mstari: kati ya nukta hizo homa ilipita vijijini zaidi ya mara moja, na hakuna sensa iliyopita nayo.